Ndoo ya Ubatizo

Jumamosi, 4 Machi 2023

Masaa matatu nikisugua shaba. Kofia za gwaride, vitasa, kengele, hata bamba la majina ya marehemu. Kidole ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya dawa inayonuka kama yai viza. Kucha zangu zimekuwa za kijani. Hakuna moto uliowahi kuzimwa na shaba iliyong'aa, ila huwezi kusema hivyo katika Kampuni ya Pili ya zimamoto. Kwa kweli mimi siwezi kusema lolote katika Kampuni ya Pili. Miaka mitatu kwenye brigedi ya vijana, na nadhani wameisikia sauti yangu mara kumi, nane kati ya hizo ikiwa ni "ndiyo, Kapteni".

Tarehe 30 Aprili natimiza miaka kumi na minane. Brigedi inaniishia siku hiyo. Ama niapishwe niwe mzima moto kamili, ama nirudishe kofia. Na ukishaapa umefunga ndoa — hapa Puerto Amargo watu wanazikwa na bendera ya kampuni yao juu ya jeneza. Kwa hiyo kuchagua kampuni ndiko kuchagua kazi. Ya Kwanza ni maji. Ya Pili ngazi na mashoka. Ya Tatu kukata magari yaliyogongana. Ya Nne kemikali. Sote tunajitolea, hakuna anayelipwa hata peso, lakini ya Pili inatembea kama inayolipwa dhahabu.

Nimo humo kwa sababu ya shule tu. Shule ya Kijerumani inamwaga watoto wake wote kwenye Kampuni ya Pili, nami nikamwagwa pamoja nao, mtoto wa ufadhili, binti wa mchuna samaki wa samoni kiwandani. Siku za wageni amri zinatolewa kwa Kijerumani. Kijerumani changu ni kizuri kuliko cha Kapteni. Hilo nalo sijawahi kulisema.

Sitaki ngazi. Nataka ya Nne. Haya, nimeandika.

Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda. Nilipita mbele ya mlango mara tatu nikijifanya nina safari nyingine, ndipo nikaingia.

Kituo cha Nne ni gereji ya zamani huko mlimani. Bati tupu, mvua inaongea kuliko watu. Mavazi ya kemikali yanatundikwa ukutani, yana mikono na miguu ila hayana mtu ndani, kama ngozi zilizovuliwa. Yananuka mpira na jasho la mwingine. Nilisikia kichefuchefu kidogo na furaha kubwa.

Alikuwepo Luteni Ercilia Mansilla peke yake. Ni fundi umeme. Mkono mmoja una mkate wa viazi, mwingine unafungua vali.

"Nani wewe?"

Nikasema jina.

"Sema tena, mwanangu, mvua imekumeza."

"Fresia Oyarzo. Natoka ya Pili."

"Ya Pili! Imewaishia dawa ya shaba, mmekuja kuazima?" Akacheka peke yake, makombo yakaruka. Kisha akaniuliza kwa nini kemikali.

Nikamweleza habari za Januari, amonia ilipovuja kiwandani kwa mama. Mimi nilikuwa nyuma ya utepe. Wanawake walitoka wamejiziba midomo kwa aproni zenye damu ya samaki, makamasi yanatiririka, mmoja akatapika juu ya buti la mama. Kampuni ya Pili ndiyo iliyotangulia kufika. Ikasimamisha ngazi. Kwenye jengo lisilo na ghorofa.

Luteni aliacha kutafuna. "Ngazi," akasema. "Mungu wangu."

Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo.

Mambo yako hivi. Mei kuna kozi ya kemikali ya mkoa. Ya Nne wana nafasi moja. Nikitaka kuingia, wanachama wao wanapiga kura kwa shanga, nyeupe au nyeusi, ndani ya sanduku. Nyeusi tatu zinatosha kukutupa nje. Na kabla ya hapo lazima niwe na barua ya ruhusa ya kapteni wangu. Bila barua hakuna kura.

Akaniazima kitabu chao. Kurasa zimegandana kwa grisi. Nalala nacho.

Ijumaa, 10 Machi

Kapteni Oelckers ni daktari wa meno. Vidole vyake vinanuka karafuu siku zote, hata akiwa na sare. Nilimwambia baada ya mazoezi. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayetazama jino ambalo lazima ling'olewe.

"Fresia. Mtu habadilishi kampuni kama soksi."

"Ndiyo, Kapteni."

"Nani alikupokea hapa? Nani alikuvisha?"

Akasema nisubiri sherehe za kampuni zipite, tarehe 25. Nisaidie vizuri. Waone shukrani yangu. Kisha nitapata barua. Shukrani! Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo kwa lugha zangu zote mbili. Linatia kinyaa katika zote.

Mlangoni alikuwa amesimama Benno Schwerter, mkuu wa brigedi, mwanafunzi mwenzangu, ambaye babu yake ndiye mkurugenzi wa kampuni. "Nasikia unahamia kwa wazoa mavi," akasema. "Afadhali. Hata harufu hutahitaji kubadilisha."

Nikacheka. Ndivyo nilivyofanya. Alinitukana mimi na mama yangu, na mimi nikacheka naye.

Jumapili, 19 Machi

Mambo ya ubatizo. Kila mwaka kwenye sherehe za kampuni, aliyeingia brigedi anamwagiwa ndoo mbele ya watu. Mwaka wangu ilikuwa unga, mayai na maji ya vyombo. Siku mbili baadaye nilikuta ganda la yai sikioni. Wanasema ndiyo inayotufanya ndugu.

Mwaka huu mpya ni mmoja, Yanara Huenteo. Ana miaka kumi na mitatu, buti zimemzidi saizi mbili, na anauliza maswali mpaka watu wanajificha. Mimi ananiita dada.

Leo Benno kasema unga ni wa watoto. Kasema mbele ya wote, akinigeukia mimi: "Samaki, kwenu si mambo yapo? Mjomba wako si ndiye anayesaga mizoga? Tuletee ndoo moja."

Kapteni alikuwa hapo hapo, anajipima mkanda wa gwaride. Alisikia. "Isizidi kiasi tu," akasema, akavuta tumbo ndani.

Ni kweli, Mjomba Nibaldo ndiye anayesaga. Samoni wanaokufa vizimbani baharini wanasagwa, uji wao unatiwa asidi usioze, unangoja lori. Nayajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Yako ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha Luteni.

Nikasema sawa. Nilikuwa naiwaza barua.

Ijumaa, 24 Machi

Nimeileta ndoo. Mjomba aliuliza ni ya nini, nikamwambia ya bustani. Nadanganya vizuri, labda kwa sababu natumia maneno machache.

Alinipa glavu. "Usiiguse na mkono mtupu, mwanangu. Asidi wametia leo asubuhi, na mashine ya kukoroga imekufa. Na wewe hukuniona, sawa? Wakijua nimetoa kitu nje ya geti, kazi sina."

Lita kumi. Rangi ya waridi iliyochakaa, povu juu, jicho moja zima la samaki likielea. Uvundo nimeuzoea, tunaishi nao, umo kwenye mito ya vitanda vyetu. Lakini chini ya uvundo kuna kitu kingine, chembamba, kinadunga pua. Ni asidi ya fomiki; kwa Kijerumani inaitwa asidi ya sisimizi. Jina la kitoto kabisa.

Nilifanya hesabu nyuma ya daftari la kemia. Nikaongeza lita kumi za maji. Nusu ya makali, nikajiambia, haiwezi kumdhuru mtu. Nilijivunia hesabu ile. Naandika hapa ili nisije kujisingizia baadaye kwamba sikujua: nilijua, nikapiga hesabu, nikajivunia.

Sikukoroga. Ilitakiwa kukorogwa ili asidi ienee sawa. Ilinitia kinyaa.

Jumamosi, 25 Machi

Siwezi leo.

Jumapili, 26 Machi

Haya.

Uani pa kituo. Jua kidogo, meza zenye soseji na keki za matufaha, bendi ya shule. Wake za wazima moto wamevaa vitambaa shingoni. Yanara amesimama katikati na buti zake, anatabasamu mpaka ufizi unaonekana. Kabla ya hapo alinivuta mkono: "Dada Fresia, ni maji ya baridi sana?" Nikamwambia afumbe macho. Huo ndio msaada niliompa. Afumbe macho.

Benno na mwenzake waliinua ndoo. Walijifunga leso puani, watu wakacheka. Wakamwaga. Sote tukapiga makofi. Nami nilipiga.

Hakufumba. Au alifumbua mapema, kutaka kuona.

Mwanzo alicheka. Kisha akaanza kujipangusa, halafu kujikwangua, halafu akatoa sauti ambayo bado naisikia ninapofungua bomba. Walidhani anaigiza. "Mwigizaji huyu!" Mtu akamrushia taulo. Kapteni akasema, "Jipanguse, binti, imba wimbo wa kampuni, itapita." Bendi ikaanza kweli.

Kitabu kinasema: maji yanayotiririka, dakika kumi na tano, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Nilisema "maji". Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Kisha nikamshika, nikamkokota hadi bomba la uani, nikamfungua jicho la kushoto kwa vidole. Matumbo ya samaki yalikuwa kwenye nyusi zake. Nilikuwa nahesabu.

Dakika ya nne wakaita picha ya kampuni nzima. "Fresia! Tunakungoja wewe tu!" Kapteni, Benno, mkurugenzi, watu themanini wamejipanga, wote wananitazama. Siwezi kuvumilia watu kunitazama. Nikamwambia Yanara aendelee mwenyewe. Nikaenda. Nikasimama mstarini, wa pili kutoka kulia.

Picha tayari iko kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni. Nimeitazama. Natabasamu. Nyuma kabisa, ukijua pa kutazama, unaona mgongo wa mtoto ameinama bombani.

Mama yake alimpeleka hospitali jioni. Usiku wakampeleka hospitali kubwa ya Montt.

Jumanne, 28 Machi

Kapteni aliniita kliniki kwake, si kituoni. Nilikaa kwenye kile kiti, hakuna kingine. Kuna beseni dogo la kutemea mate lenye uzi wa damu wa mtu aliyetangulia.

Karatasi mbili mezani. Ya kwanza inasema kwamba ndoo ilikuwa na maji, unga na mabaki ya jikoni, na kwamba kadeti Huenteo ana ngozi yenye mzio. Tayari ina saini ya Benno. Ya pili ni barua yangu ya ruhusa.

"Mama yako yumo kiwandani miaka mingapi?"

"Kumi na sita, Kapteni."

"Na mjomba wako?"

Aliongea kwa upole uleule anaokuambia nao hutasikia maumivu.

Nilisaini. Naye akasaini barua kwa kalamu ileile, akaipuliza wino ukauke. Harufu ya karafuu.

Jumatano, 29 Machi

Nina barua. Nimeosha mikono mara sita.

Jumamosi, 1 Aprili

Nilikwenda kumwona Yanara. Wamemrudisha nyumbani, wanangoja siku ya kliniki. Mama yake alinipokea kwa kunikumbatia! Alikuwa amekaanga maandazi ya boga kwa ajili yangu. Nilikula mawili. Yalipita kooni kama sabuni.

Mtoto ana bandeji jicho la kushoto, na kuanzia sikio mpaka kidevuni ngozi imekuwa kama karatasi iliyolowa. Hasikitiki. Anataka kujua lini atarudi.

"Dada Fresia, wewe ndiye pekee uliyenipeleka bombani. Nimemwambia mama. Nimemwambia daktari pia."

"Daktari anasemaje?"

"Anauliza kulikuwa na nini. Mimi nikamwambia samaki. Wao kituoni wamepeleka karatasi inasema unga." Akajikuna pembeni ya bandeji. "Labda nilisikia vibaya harufu, eti?"

Mama yake aliingia na chai, akaniambia daktari anampa dawa ya maambukizi na haisaidii, jicho lina ukungu, kila siku ukungu unazidi. "Lakini watu wa kampuni wamesema ni mzio," akasema. "Wao si ndio wanaojua mambo ya dharura?"

Kisha Yanara akauliza akiwa mkubwa achague nini, ngazi au kemikali. Nikasema nina mtihani kesho. Kesho ni Jumapili.

Jumatano, 5 Aprili

Nilipeleka barua kwa Luteni Ercilia. Aliisoma mara mbili, akaigeuza, kama anayetafuta bei.

"Oelckers kaitoa haraka hivi? Mwanamume huyu alikaa miezi minane kunirudishia bomba."

Nilianza kupangusa buti zangu.

"Ulikuwepo siku ya mtoto yule?"

"Nilikuwepo."

"Dada yangu ni nesi Montt. Anasema ngozi ile si mzio. Ni kitu kimeunguza. Daktari anataka jina la kitu hicho tu, hataki kumpeleka mtu yeyote polisi. Ulinusa nini?"

Nilitazama mavazi ukutani.

"Sikumbuki, Luteni."

Aliikunja barua, akaitia mfukoni. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Akaniambia kura ni Jumanne, saa moja jioni, nije dakika thelathini mapema kujaza fomu. Nilipofika nje nilitapika kwenye mtaro. Ilikuwa chai na mkate wa parachichi. Nilisimama pale nikiutazama kama vile ni wa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Mjomba Nibaldo alikuja na mwanakondoo mzima. Aliimba. Alinikatia kipande cha ubavu, kile kizuri, akauliza bustani inaendeleaje.

Nikimtaja, anafukuzwa. Nisipomtaja, kuna jicho. Tena hata hapo najidanganya. Daktari anataka jina la kitu, si la mjomba. Ninamshika mjomba mbele yangu kama ngao ili nisionekane mimi. Msichana wa kemikali. Aliyepiga hesabu.

Kinachonitia kinyaa zaidi si Kapteni. Kapteni yuko vile alivyo. Ni kwamba kila asubuhi naamka nikiwaza kwanza kozi ya Mei, halafu ndipo nakumbuka jicho. Kila siku kwa mpangilio huo.

Jumanne, 11 Aprili

Naandika kwenye benchi la Kituo cha Nne. Saa kumi na mbili na nusu. Wanachama wanaingia mmoja mmoja, wanapangusa buti, wananiambia "karibu, binti". Ndani nasikia mtu anamwaga shanga mezani kuzihesabu. Zina sauti kama maharage.

Fomu ina maswali saba. Matano nimeyamaliza. La sita linasema: Je, umewahi kushiriki katika tukio lenye kemikali ya hatari? Taja kemikali, kiasi, chanzo na hatua ulizochukua.

Wote wanaandika "hapana" hapo. Nimeona fomu za zamani kwenye faili. Hapana, hapana, hapana.

Nimeandika Ndiyo.

Kemikali: asidi ya fomiki, ndani ya samaki waliosagwa. Kiasi: lita kumi, niliongeza maji lita kumi, sikukoroga. Niliileta mimi. Karatasi ya Kampuni ya Pili si kweli, nami niliisaini. Hatua: bomba, dakika nne.

Nimeyaandika kwa herufi kubwa yasomeke.

Chanzo nimeacha wazi. Nimeandika M, nikafuta. Kuna shimo dogo kwenye karatasi sasa.

Luteni ametokea mlangoni. "Umemaliza, mwanangu? Watu wamekaa."

"Bado sehemu moja."

"Sehemu gani?"

Nikamgeuzia fomu. Hakuichukua kwenda nayo ndani. Ameketi hapa kando yangu, benchi limelalia upande wake, amevaa miwani. Ndani wanamwita, anainua mkono wasubiri. Anasoma polepole, kwa kidole, kama anavyosoma lebo za mapipa. Naandika ili nisiutazame uso wake. Kidole kimepita jina. Kimepita lita. Mkono wake mwingine unatafuta simu mfukoni, bila kuangalia, nadhani ampigie dada yake Montt.

Kidole kimefika kwenye dakika nne. Kimesimama hapo.